Fundo Kwenye Waya wa Intaneti

Kasulu, Jumatatu, mwanzo wa mvua za Novemba. Mwaka wa ishirini na nane tangu nitoke Fizi, ng'ambo ya ziwa.

Mdogo wangu Riziki,

Nakusalimu katika Bwana. Mguu unaendeleaje? Na paa la upande wa jikoni, bado linavuja? Sisi tu wazima, ila jana imeninyima usingizi, na nataka ujue yaliyotokea huku wakati mmekaa mkinisubiri.

Tulipotoka kanisani radi ilikuwa inapiga upande wa Kagerankanda. Watu wa milima hii wakisikia ngurumo huchomoa kila kitu, hata redio. Mke wangu alitangulia nyumbani, akachomoa. Mvua ilipokatika nikarudisha nyaya mahali pake, nikawasha kompyuta. Ikaandika: umeunganishwa, hakuna intaneti.

Nilijua Baba mdogo Yohana yuko hapo kwako na wazee, wananisubiri kwa video, na amesema kuwa mimi mtoto wa kwanza nisiposema nani abaki na nyumba ya baba kabla ya sala ya kufunga kikao, inarudi kwa ukoo, nawe utafute pa kwenda. Simu ya kawaida aliikataa: "Sauti ni ya yeyote. Nataka uso."

Nikazima, nikawasha. Nikazima tena. Nikampigia Neema, binti yetu aliye Kibondo, ndiye aliyetufungia mtandao huu.

"Baba, acha kuzimazima. Simu yako inaona Wi-Fi?"

"Inaona, lakini haifungui kitu."

"Basi kompyuta haina kosa. Tatizo liko kati ya ruta na antena ya juu ya paa. Kile kiboksi cha umeme wa antena kimewaka?"

"Kimewaka."

"Na taa ya tundu la buluu kwenye ruta?"

"Imezima."

"Fuata waya wa tundu hilo mpaka kwenye kiboksi. Kwa kidole, Baba, usikisie."

Kidole kikapita nyuma ya kabati, kikakuta fundo, limekazwa kama la kufungia mbuzi.

"Mama Neema, nini hiki?"

"Ego, ndiyo, nimepiga fundo. Kuchomoa hakutoshi, radi inapita kwenye waya. Mama yangu alifunga hivyo waya wa redio, na nyumba haikuungua hata siku moja."

"Mama!" Neema akapiga kelele kwenye simu. "Nyuzi za ndani zimekatika!"

"Afadhali nyuzi kuliko baba yako."

Nikalifungua fundo, taa haikuwaka. Neema akaniambia nichukue waya wa kompyuta, ni wa aina ileile, niuweke badala yake, kisha nitumie simu badala ya kompyuta. Taa ikawaka kijani.

Mkatokea kwenye kioo cha simu. Wewe umesimama mlangoni, Baba mdogo ameshavua kofia kwa ajili ya sala.

"Tulizani umekimbia tena," akasema, wazee wakacheka.

Nikasema nyumba ubaki nayo wewe.

"Mutu mwenye kurudi hawezi kugawa nyumba, anagawa ule hatarudi tena. Uko unarudi ao hapana?"

Uliniona. Nilikuwa natazama ukuta ulio nyuma yake, ule aliopaka baba chokaa. Nilipofungua mdomo, umeme wa mtaa mzima ukakatika.

"Hili sasa si langu," akasema Mama Neema.

Sikuwa na hakika ningemwambia nini Baba mdogo.

Leo umeniambia kwa simu ya jirani kwamba Baba mdogo atapokea jibu la maandishi, mradi ni mwandiko wangu. Anaujua, ndiye aliyenifundisha kuandika. Mchungaji wetu anavuka ziwa wiki hii, ataileta barua mkononi.

Nisalimie shangazi Elizabeti, mwambie dawa ya macho nimeipata, anayo mchungaji. Nisalimie mkweo seremala, na wajukuu ambao nawajua kwa picha tu. Mama Neema anakuamkia na anakuomba radhi kwa ule waya.

Haya yanayofuata uyasome mbele ya wazee walewale. Nyumba ya baba ni ya Riziki. Mimi Zakaria, mtoto wa kwanza wa baba, nimeoa huku, nimezalia huku, na sitarudi.