Karata za Mwalimu Ambrose

Ludlow, Kwaresima

Kaka yangu mpendwa Gervase,

Salamu nyingi zikufikie huko Bristol, wewe, wifi na watoto. Nimesikia kifua chako kimepata nafuu, nikamshukuru Mungu. Sisi huku miili ni mizima. Mengine ndiyo haya ninayokuandikia.

Unazijua zile karata za mume wangu Ambrose. Ulizicheka Krismasi, ukasema shemeji yako ameigeuza sarufi ya Kilatini kuwa kamari. Kopa alizipa nomino, shupaza vitenzi, wafalme wakabebeshwa zile kanuni ngumu, na hupati kuila karata mpaka uitaje kanuni yake. Tangu alipozichora, fimbo yake ilikaa juu ya kabati ikila vumbi. Watoto waliokuwa wakilia mlangoni asubuhi wakawa wanakimbilia darasani, na mwanangu Jermyn akawashinda wote. Hata uji alikuwa akinywa huku ananong'ona Kilatini. Jamani, nilikuwa na raha!

Kumbe tulijisahau. Mji huu karata huruhusiwa Krismasi tu, nawe wajua. Mzee Pargeter, mkuu wa wadhamini wa shule, aliingia na wenzake Kwaresima imeshika, akawakuta wavulana sakafuni wanamgombea mfalme wa shupaza. Akauliza hii ni shule au kilabu cha pombe. Ambrose akamsihi awaulize watoto swali lolote. Walijibu yote, kaka! Mzee akasema hata shetani anajua Kilatini. Mwenzake naye akachombeza, eti mwalimu anamlea mwanawe kuwa mcheza kamari, ndiyo maana fimbo haijawahi kumgusa. Wakacheka. Wakampa Ambrose mpaka Jumatatu achague karata au kazi, na nyumba tunayolala ni ya shule.

Nilimwambia tuondoke, tuje hata kwako. Akaniuliza njiani tutakula nini, mawe?

Sasa lile linalonikaba roho. Jumatatu walirudi kushuhudia. Ambrose alizitia karata motoni moja moja, akaishusha fimbo, akaipangusa. Wa kwanza kumwita hakuwa mkorofi wala mvivu. Alikuwa Jermyn, ili waone kwamba hapendelei. Mtoto hakuwa na kosa lolote! Mimi nilikuwa jikoni, ukuta mmoja na darasa, mikono imejaa unga, nasikia kila pigo, na mlango sikuufungua.

Tangu siku hiyo Ambrose hamtazami mwanawe usoni. Jermyn halii, wala hamchukii baba yake. Ila kila asubuhi, kabla hajaitwa, anakwenda mwenyewe mbele ya darasa na kunyoosha mikono.

Ulipata kusema wahitaji kijana wa kukusaidia kushona vitabu. Nakuomba umtume mtu aje amchukue Jermyn. Ambrose simwambii; nadhani atashukuru.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu.

Ni mimi dada yako, niliyebaki jikoni,
Thomasin