Papa Ameziba Matundu Yangu

Alhamisi, Kamembe. Mvua haijakata tangu alfajiri, na mimi nina hasira hadi chai haishuki.

Yaani Papa! Baba yangu mwenyewe!

Sanamu hii ya saruji nimeihangaikia chini ya banda letu la mabati tangu kiangazi. Wazo nililipata siku nilipokata mgomba shambani. Ndani ya shina mna vyumba vidogo vidogo vimepangana, vina hewa tupu, na bado vinabeba mkungu mzima. Nikasema, hii ndiyo sanamu yangu. Matundu kila upande, mwanga upite, upepo upite.

Matundu ndiyo kazi yenyewe.

Kesho mwenye nyumba ya wageni kule chini ziwani anakuja kuitazama. Akiipenda, ataiweka bustanini kwake. Hakuna kazi yangu hata moja iliyowahi kutoka nje ya ua huu.

Jana nilivuka mpakani kwenda Bukavu kumwona shangazi anayeumwa, nikalala huko. Leo narudi, nakuta nguzo. Nguzo nene, laini, imepigwa lipu safi kama ukuta wa sebule. Papa kasimama kando na mwiko mkononi, anacheka kwa furaha.

"Nimekumalizia kazi, mutoto yangu. Ungeachaje matundu vile? Batu batasema binti ya fundi hajue kupiga lipu!"

Papa ni mwashi tangu ujana wake. Kwake tundu kwenye saruji ni aibu, naelewa. Alidhani ananisitiri. Lakini miaka yote hii ananiona nachonga, hajawahi kuniuliza nafanya nini. Hiyo ndiyo inayonichoma.

Nilichukua nyundo na tindo, nikaanza kubomoa pale palipokuwa pabichi.

"Unaharibu!" akapiga kelele.

"Wewe ndiye umeharibu, Papa!"

Sijawahi kumjibu hivyo maishani. Mama, aliyekuwa jikoni, akaacha kukoroga. Sauti yangu naijutia. Maneno, hapana.

Nimefungua upande mmoja tu. Upande wa pili alianza nao jana, umeshakauka, nikigonga kwa nguvu sanamu yote itapasuka. Basi, kesho itatazamwa hivyo hivyo, huku mgomba, huku ukuta.

Na mgeni akiuliza ule upande laini ni wa nani, nitamwita Papa aje ajibu mwenyewe.