Kwa Baba Sindayigaya, Fundi Baiskeli Aliyemfundisha Lyse Kuomba

Mwaka umezunguka, Baba, tangu uinamie baiskeli ya mtu pale karibu na bomba la maji na usiinuke tena. Mwenye baiskeli alidhani umesinzia. Hata sisi tulidhani hivyo, maana ulikuwa bingwa wa kusinzia na spana mkononi.

Hapa kambini wengi wanakukumbuka kwa pancha na minyororo. Wachache wanaijua kazi uliyoifanya ukirudi nyumbani, kwa mjukuu wako Lyse, binti yangu asiyesema. Alikuwa akitaka kitu anajing'ata mkono hadi damu. Majirani wakasema ana mapepo, tumfunge kamba. Wewe ukasema, "Atafungwa anayesema hivyo." Nilicheka siku hiyo, na sikuwa nimecheka tangu tuvuke mpaka.

Ukaanza kumpeleka kituo cha watoto wenye ulemavu, kwa Mwalimu Winfrida. Mwanamume peke yako kati ya akina mama, umekaa mkekani na kofia yako! Ukarudi na jambo jipya: kila anachokitaka kiwe na kitu cha kukiombea. Ukafunga waya mlangoni, ukatundika kikombe cha kuombea maji, dodoki la kuombea kuoga, kijiko cha kuombea chakula. Mwisho ukatundika kengele ya baiskeli, ile uliyoileta kutoka soko la Mwanga siku ulipopata kibali cha kutoka kambini. Hiyo ilikuwa wewe. Akimtaka Babu, alete kengele.

Mimi nilikuwa siwezi kungoja. Nikimwona anahangaika nauliza, "Unataka nini? Maji? Ugali?" Ukanikemea: "Révérienne, mdomo wako unamtangulia mtoto. Nyamaza, subiri." Ukakaa mbele yake na maji, Mama nyuma yake akiuongoza mkono wake kwenye kikombe, nyumba nzima kimya. Siku alipokitoa kikombe mwenyewe akakuwekea kiganjani, ulimimina maji yakamwagika mpaka chini, kisha ukatoka nje ukajifanya unatafuta pampu.

Ukatupa sheria moja: akileta, ajibiwe. Mvua inyeshe, tuwe tumechoka, ajibiwe, la sivyo atarudi kwenye kujing'ata. Na kitu kikiisha, ulimfundisha kukitia kwenye kopo la maziwa kando ya mlango. Ugali umekwisha, kijiko koponi, na halii. Asubuhi vyote vinarudi kwenye waya.

Halafu ukafa, Baba, na jibu la kengele hukutuachia. Siku ya mazishi tulimwacha Lyse kwa jirani tukiogopa vurugu. Kesho yake akaleta kengele. Tungefanyaje? Tukampeleka kaburini, maana ndiko uliko. Mwaka mzima akileta, tunakwenda. Anakaa, anaipiga, anangoja, tunarudi. Hajajing'ata.

Sasa tumejiandikisha kurudi Burundi. Basi letu ni wiki ijayo, na kaburi halipandi basi. Akiniletea kengele kule, nimpeleke wapi? Silali, Baba. Kuna wakati nakukasirikia mpaka naona aibu.

Jumamosi tulifanya kuganduka, tukavua msiba kama wakubwa walivyotufundisha. Wageni walipoondoka, mdogo wangu Audace akasema, "Dada, tuitie koponi hiyo kengele. Ataelewa kwamba imekwisha."

Mwalimu Winfrida alikuwa bado amekaa nasi. Akatikisa kichwa. "Vya koponi hurudi asubuhi. Atamngoja."

"Sasa wewe Mwalimu unasemaje?" nikamuuliza.

"Sijui, mama. Hili hata sisi hatukufundishwa."

Tukiwa katika hayo, Lyse akapita katikati yetu akaniwekea kengele kiganjani. Haya, twende. Audace akatufuata. Tulipofika kaburini Lyse akaipiga, akangoja. Kisha akaushika mkono wangu, akauweka juu ya udongo, akausukuma chini, vile anavyofanya akitaka nimfunulie sufuria.

Mama we! Nilitamani ardhi inimeze mimi.

"Dada, usifanye hivyo," Audace akasema.

"Ameleta," nikamwambia. "Anajibiwa."

Nikachimba kwa vidole, shimo la kuingia ngumi. Lyse akainama, akaangalia. Udongo tu. Akaniangalia mimi, akaangalia tena shimoni. Halafu akaichukua kengele, akaiweka humo, na akavuta udongo juu yake kwa kiganja chake mwenyewe. Sijui kama alikuwa anakuaga, au alikuachia ili sasa uipige wewe na yeye ndiye aje.

Asubuhi yake akasimama mlangoni, akapitisha mkono kwenye waya. Kikombe, dodoki, kijiko. Akafika pale palipokuwa pako, mkono ukabaki hapo. Hakulia. Nilitaka kumuuliza anataka nini, maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Nikaukumbuka mdomo wangu, Baba. Nikanyamaza, nikasimama karibu naye, nikasubiri.

Unakumbukwa na mkeo Ndayikunda, ambaye bado anakutilia chai kisha anainywa mwenyewe. Na wanao, Révérienne na Audace. Na Mwalimu Winfrida, anayesema hajapata mwanafunzi mbishi kama wewe. Na Lyse, uliyemfundisha kuomba.

Waya wako tunasafiri nao. Tutaufunga kwenye mlango wowote tutakaopewa, na pale mwisho hatutatundika kitu kingine. Daima hapo ni pako.