Meza Kubwa Haikatwi

Mutua ndugu yangu,

Walikuja na msumeno. Wiki tatu tu baada ya kukuzika kwenu Machakos, kamati ya klabu ilileta fundi aikate meza yako ya snuka. Akaizunguka, akaipima, akasema, "Hii tukikata katikati, tunapata meza mbili za pool." Nilicheka kwa hasira. Nikamwambia ainue kitambaa kwanza. Kumbe alidhani ni mbao tupu! Alipoona jiwe, vipande vitano vizima, alifunga virago akaenda zake.

Lakini mwenyekiti hakukubali yaishe hivyo. Alisema meza isiyochezwa ni mzigo, na kabla ya mwisho wa mwezi nimwonyeshe wachezaji wanane, la sivyo itatolewa nje ikanyeshewe. Nikachukua kalamu, nikaanza na jina langu. Ndiyo, mimi Wanyama, mtu wa pool.

Unakumbuka tulivyobishana tangu pool ilipoingia Kitengela miaka ya tisini. Mimi nilisema huo ndio mchezo wa watu: unatumbukiza sarafu, mipira inaporomoka, dakika kumi mshindi amepatikana, na aliyeshindwa ampishe mwenzake huku nyama ikichomwa nje. Snuka niliiita mchezo wa kusinzia. Mipira myekundu kumi na mitano, ya rangi nyingine sita, halafu mwenzako akishika zamu unakaa kitini kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Na ile biliadi yako ya mipira mitatu tu, hiyo sikutaka hata kuisikia.

Sasa nacheza kila nikitoka shuleni. Siku ya kwanza nilipiga kwa nguvu nilivyozoea, mpira ukagonga mdomo wa shimo ukanirudia. Nikakusikia kabisa: "Mwalimu, hii si kupasua kuni." Kwenye meza ndogo shimo linakusamehe, hapa halikujui. Tena wewe ulipokuwa ukiuficha mpira mweupe nyuma ya mweusi ili mpinzani wako akose pa kupiga, nilikuita mwoga. Haukuwa woga. Nilikosea, Mutua, na inaniuma kwamba nakiri wakati huwezi kunicheka.

Wachezaji niliwasaka kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Tukafika saba pamoja nami, mmoja wao mfanyabiashara wa mbuzi anayetoka Bissil. Wa nane akakosekana. Jumamosi ya mwisho, mwenyekiti akiwa ameketi anatazama saa, mkeo Mama Mwende aliingia mchana na fimbo yako ya kuchezea, ile ya vipande viwili, mkononi. Tulisimama sote. Tulidhani ametuletea tuitundike ukutani iwe ukumbusho. Akaiunganisha, akaipaka chaki, akaniambia, "Mwalimu, andika jina. Mimi pia niliolewa na hii meza."

Kisha akainama, akaingiza mwekundu kutoka upande wa pili wa meza, polepole, bila kelele. Mwenyekiti alivua kofia. Mimi nilitoka nje kidogo, nikalia, nikarudi.

Lala salama, ndugu yangu. Maadamu niko hai, meza hiyo haiendi popote, na watakaokuja nitawafundisha mwenyewe, hata hiyo biliadi nikiielewa. Bado nasema pool ni tamu zaidi. Ila Jumamosi nacheza na mkeo, na ameshanionya nisitarajie huruma.

Wako,
Wanyama