Kiti cha Mbele

Jumapili, 3 Machi

Mjukuu wangu,

Huna haya wewe! Nani alikutuma ukaropoke redioni? Umeulizwa bei ya unga, si ungejibu bei ya unga ukanyamaza? Wewe ukapanda mbio: oh, Mheshimiwa ameshindwa, oh, kura yangu hapati tena. Nilikuwa naosha vyombo, sufuria ikanitoka mkononi. Na hilo bomba la maji ya kuoshea alituletea nani, wewe na tanuri lako?

Haya, hujambo lakini? Watoto hawajambo? Mimi mzima, goti tu ndilo halisikii la mtu, limekuiga wewe.

Sasa sikiliza. Mkate wako sili tena. Na kinamama wa mtaa huu nimewapitia nyumba kwa nyumba, hawaji. Tutakula wa kiwandani, ule laini kama sifongo, tutaumeza hivyo hivyo mpaka uombe radhi. Najua tunatenganishwa na barabara moja tu, ila usivuke. Sisemi na wewe. Barua hii naipenyeza chini ya mlango wa duka lako, na wewe ukitaka penyeza kwangu.

Tangu ukinyonya nakuita mume wangu. Leo nadai talaka yangu.

Bibi yako


Jumanne, 5 Machi

Shikamoo Bibi,

Sisi hatujambo. Mama watoto anakusalimu. Anasema amefurahi, mke mwenza kaondoka. Hilo goti lichue kwa maji ya moto kabla hujalala, usingoje livimbe.

Kuhusu mkate, sikulaumu. Mdomo ni wako, pesa ni zako. Kama hukupenda niliyosema, usinunue. Hiyo ni haki yako, kama kusema kulivyokuwa haki yangu. Nitaoka kidogo, nitakula hasara. Lakini radhi siombi, maana nilisema ninachokiamini. Ukaidi huu nilifundishwa na mtu unayemjua vizuri.

Mkate wako, ule wa kuungua pembeni, bado nauoka kila alfajiri. Ukipoa naula mwenyewe.

Talaka sitoi.

Mjukuu wako


Jumamosi, 23 Machi

Mjukuu wangu mkaidi,

Marahaba. Goti limepata nafuu, asante, ingawa sikukuuliza.

Jana kulikuwa na mkutano uwanjani. Ungeniona! Afisa wa mtaa, yule kijana wa miwani, kanitoa nyuma nilikobanana na wenzangu, kanikalisha kiti cha mbele, sambamba na wakubwa. Akanishikisha kipaza sauti: "Bibi, hebu tuambie, wananchi mmemkataa huyu mwokaji?" Nikajibu, "Tumemkataa! Na mimi ndiye bibi yake!" Weee, makofi, vigelegele! Akasema mimi ni mama wa mfano. Miaka yote mikutanoni nasimama pembeni kama mwiko wa akiba, hakuna aliyewahi kunijali. Huyu kiti kakifuta kwa leso yake mwenyewe.

Kwa hiyo mambo yamekuwa makubwa. Njoo uombe radhi, na kesho yake naja na kikapu, kinamama wote nyuma yangu. Usingoje kubembelezwa.

Bibi yako, mama wa mfano


Ijumaa, 29 Machi

Bibi, shikamoo.

Natumai u mzima. Sina maneno mengi.

Leo asubuhi alikuja afisa wako wa miwani, na askari. Wamewatoa wafanyakazi nje, unga uliokandwa umeumuka mezani, wakatia kufuli. Nikauliza kosa langu. Akasema, "Unaniuliza mimi? Wananchi wenyewe wamekukataa. Hata bibi yako kasema mbele ya umma." Muuza unga kaambiwa asiniuzie. Mwenye nyumba kaambiwa anitoe.

Bibi, wewe uliacha kununua. Hilo ningeishi nalo. Siku moja hasira zingekuisha. Kufuli halina hasira za kuisha.

Mkate wako ulikuwa ndani ya tanuri. Nadhani safari hii umeungua wote.

Mjukuu wako


Jumamosi, 30 Machi

Mjukuu wangu,

Hujambo? Nijibu hilo tu.

Nimetoka kwa afisa sasa hivi. Nimemwambia, "Mimi nilisema hatununui, sikusema mfunge." Akacheka. "Bibi, uliyasema mwenyewe, tena kwa sauti." Kiti hakunipa.

Niko nje ya duka lako. Kama umo ndani kwa mlango wa nyuma, fungua. Nimegonga mpaka majirani wametoka kunitazama.

Bibi yako


Jumatatu, 6 Mei

Mjukuu wangu,

Anwani yako nimeipata kwa mama watoto, baada ya kumbembeleza, mimi nisiyebembeleza mtu. Anasema huko unakanda unga wa mwenzio kwa mshahara. Anasema umekonda. U mzima? Unalala? Mimi goti limerudi, na sina wa kumsingizia.

Barua yangu ya mwisho bado iko palepale. Nimechungulia chini ya mlango, nimeiona sakafuni.

Nilizoea kukwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu lililovunjika ni langu. Nilikuwa na neno moja, "sinunui". Lilikuwa tamu kwa kuwa ningeweza kulirudisha siku yoyote niliyotaka. Nikamwachia yule kijana, nikachukua kiti cha plastiki. Sasa nataka kununua na hakuna pa kununua. Alfajiri mtaa haunuki kitu.

Juzi kulikuwa na mkutano mwingine. Kiti kilikuwa mbele, kimeshafutwa. Sikukaa. Nikasema bila kipaza sauti: "Mwokaji nilimkataa mimi, kwa mdomo wangu. Kufuli si langu. Litoeni." Wenzangu wakatazama chini. Baadaye waliniambia wanaogopa bomba lisije likafungwa. Siwalaumu. Hata mimi niliporudi nyumbani, kabla sijavua viatu, nilifungua koki nione kama maji yanatoka. Yanatoka, kwa sasa.

Usidhani nimekubali uliyosema redioni. Ulikosea, na ukija tutagombana. Lakini ugomvi wetu uwe wetu.

Basi fanya hivi. Nyuma ya jiko langu nimeng'oa magugu, nafasi inatosha tanuri dogo. Matofali nimeanza kukusanya, mojamoja, goti likilalamika. Nyumba hii aliijenga babu yako, hakuna mwenye nyumba wa kutishwa. Wakija na kufuli watanikuta mlangoni, nimekaa kwenye kigoda changu mwenyewe. Pengine watafunga. Basi wafunge wakinitazama usoni.

Usinijibu kwa barua. Chukua chekeche lako na vyombo vyako vya kuokea, panda gari, uje. Na mkate wa kwanza uunguze pembeni.

Mkeo wa kwanza