Kimto cha Baba

Cusco, siku moja baada ya Sikukuu ya Ekaristi

Kwako mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limekuacha upumzike, na unyevunyevu wa huko pwani Callao haujakurudishia kikohozi. Nisalimie dada Hermelinda na kuku wake wakorofi. Mimi ni mzima. Mzima kabisa, mama! Naandika mbiombio kwa furaha, kwa hiyo nivumilie mwandiko.

Unajua nilichofuata huku. Baba ametutoka mwaka wa tatu huu, na kama bega la ukoo wetu lisingeingia safari hii chini ya machela ya Mtakatifu Sebastiano, nafasi yake ingepewa watu wengine moja kwa moja. Ndiyo maana ndani ya ndege nilikipakata kile kimto chake cha begani kama mtoto mchanga.

Nilifika Jumatatu. Shangazi Eulogia alinipokea na chai ya majani ya koka, akaniambia ninywe, nilale, nisile kitu kizito. Nikamjibu kwa majivuno kwamba mimi ni mzaliwa wa hapa, soroche, huko kuugua kwa hewa nyepesi ya milimani, ni ugonjwa wa watalii. Nikala sahani nzima ya nyama ya nguruwe ya kukaanga, nikashushia na chicha, pombe yetu ya mahindi, nikapanda kilima mbio kuwasalimia binamu. Shangazi akasema, "Haya, mzaliwa! Uliondoka hapa na miaka minne. Uonyeshe mlima cheti chako cha kuzaliwa, labda unajua kusoma."

Mama, haukujua kusoma. Kabla jua halijazama kichwa kilikuwa kinanigonga, nimetapika kila kitu, kucha zimegeuka bluu, na kuvaa soksi tu kulinifanya niheme. Jumanne kutwa nilikuwa kitandani. Sikuogopa kufa, niliogopa kukupigia simu nikwambie nafasi ya baba imeniponyoka.

Jumatano asubuhi mzee Casimiro, mkuu wa wabebaji, alikuja kunitazama. Akaniambia waziwazi kwamba maiti habebi mtakatifu, na kwamba jirani Nicanor, mwenye mabega ya fahali, ameshavaa tayari kubeba mahali pangu. Nilimsihi mpaka machozi yakanitoka. Shangazi alikuwa amekishika kimto, anakibonyezabonyeza kama anachagua parachichi, akasema ndani kuna kitu kinatoa mchakacho. Akafumua mshono. Majani ya koka yaliyokauka yakamwagika mapajani mwake, yamefungwa matatu matatu, vile tunavyoyapanga tukiiomba milima jambo.

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Mzee Casimiro akavua kofia, akakiri kwamba siri hiyo ameitunza miaka ishirini. Kila baba alipokuja kutoka Callao aliugua vilevile, kwenye kitanda hichohicho, na kuwaapisha wasituambie sisi wanawe. Wenzake walibeba njia nzima, yeye akapokea kwenye kona ya mwisho tu. "Alikuwa mkaidi kuliko punda," alisema, "lakini kona yake hakuikosa hata mara moja." Akakubali nami nipokee kona hiyohiyo.

Basi nikanywa chai, vikombe vitatu, nikalala tena. Mchana wakanipeleka kwa gari hadi kona ya mwisho kabla ya kanisa la Santa Clara. Nikasikia ngoma na tarumbeta, halafu watu wanapiga kelele kwamba Mtakatifu Jeronimo wa parokia jirani, tunayeshindana naye mbio kila mwaka, anatupita! Nicanor akachomoka, nikaingia mimi, mti wa machela ukanikalia begani. Mama, ni mzito! Nicanor anakimbia pembeni ananifokea, "Pumua, mpwani! Pumua, usituaibishe!" Nikahema, nikalia, nikacheka, na tukaingia mlangoni tumemtangulia Jeronimo kwa hatua chache. Nafasi ni yetu.

Sasa nitubu. Juzi kwenye simu nilikwambia nimebeba kutoka San Sebastián hadi mlangoni. Nilikudanganya. Zilikuwa hatua mia mbili, basi.

Lakini na wewe una la kutubu. Mshono aliofumua shangazi ni wa uzi mwekundu, misalaba midogomidogo, sawasawa na ile uliyoshonea kola za mashati yangu ya shule. Ulijua! Miaka yote ile baba akirudi na kujigamba mezani kwamba milima inamjua kwa jina, wewe uliendelea kukoroga supu yako.

Sijakasirika, nimezidi kukupenda. Shangazi, anayekusalimu sana, alitaka kukishona tena, nikamkatalia. Nakuja nacho Jumapili kikiwa wazi, na majani mapya mfukoni. Nitafutie uzi mwekundu.

Ni mimi mwanao, mpwani,
Wilberth