Ng'ombe wa Kona ya Mutituni

Baba mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimeketi ndani ya pikapu yako, nyuma ya nyumba ya mama mdogo Syombua, hapa Naivasha. Injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwangu, na bado mguu wangu wa kulia umekanyaga breki. Nimeuondoa mara mbili. Unarudi wenyewe. Kesho asubuhi nitaupanda ule mlima peke yangu kurudi Machakos, na kabla sijaupanda nataka kukueleza jinsi nilivyouteremka jana.

Lakini nianze na Jumamosi zetu, maana hofu hii ilizaliwa huko.

Nilikuwa darasa la nne. Kila Jumamosi ulipakia maparachichi Kathiani asubuhi na mapema, tukaenda sokoni Machakos wewe na mimi. Kiti cha mbele kilikuwa kimoja kirefu, nami nilikaa karibu nawe ili mkono wangu uifikie gia. Hukuniita Ndinda. Uliniita Mwaitu, mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yako, na wanaume wa sokoni walicheka sana kusikia dereva mzima akimwomba ruhusa mama yake mwenye mapengo. Tulipofika pale mteremko wa Mutituni unapoanza, ulikanyaga klachi, ukanitazama kwa pembe ya jicho, ukasema, "Mwaitu, weka free."

Nami niliweka. Niliusukuma ule mti wa gia hadi ukalegea mkononi mwangu, injini ikaacha kuvuta, nawe ukaizima kabisa. Gari likajiteremkia lenyewe bila kunywa mafuta. Kimya kile, Baba! Tulisikia ndege. Tulisikia watu wakizungumza mashambani. Nilidhani hakuna baba mwingine duniani anayejua siri hiyo.

Siku ya ajali pia niliweka free. Mzigo ulikuwa mkubwa kuliko kawaida. Nakumbuka harufu kwanza, kama mpira unaoungua, kisha mguu wako ukipiga breki mara nyingi, kisha sauti yako, ambayo haikuwa sauti yako: "Rudisha! Rudisha gia!" Nilivuta. Chuma kilisaga chuma, gia ikakataa kuingia. Ulinisukuma mkono, ukajaribu wewe, ikakataa. Halafu ile kona, halafu ukingo wa udongo upande wa kushoto, halafu kishindo. Tuliposimama tulikuwa wazima, wewe ukitoka damu kwenye paji la uso, na maparachichi yalikuwa yakibingirika mbele yetu barabarani, mamia, yakiteremka bila sisi.

Ulinishika mabega. Ulisema, "Ni ng'ombe. Ng'ombe amekatiza barabara. Sawa, Mwaitu?"

Nikasema sawa.

Jumamosi iliyofuata gari lilipotoka kutengenezwa, uliniambia nikae dirishani. Kati yetu uliweka mfuko wako wa makaratasi. Hukuniambia tena niguse gia, wala siku hiyo wala nyingine yoyote, na mimi sikuuliza. Nilikuwa mtoto wa kujiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe, nawe ulinijua hivyo. Nilijijibu kwamba mkono wangu ndio ulioangusha gari, na kwamba ulinificha kwa uongo wa ng'ombe kwa sababu ulinipenda, lakini hukuniamini tena. Nilimaliza shule ya msingi na jibu hilo. Nikaenda nalo sekondari, nikaenda nalo chuo kikuu. Nimesoma vitabu vingi, Baba, na hakuna kilichoniondolea.

Uliugua, ukatutoka, nami sikuwa nimekuuliza.

Mwaka jana nilijiunga na shule ya udereva mjini. Mwalimu wetu, mwanamume mnene anayependa kuzungumza huku akitafuna njugu, alituuliza mtu anateremkaje mlima. Mimi nikajibu haraka, kama mwanafunzi aliyesoma: "Unaweka free, ili kuokoa mafuta." Darasa zima likaangua kicheko.

"Wewe dada," akasema, "nani alikufundisha hiyo? Huyo alitaka kukuzika! Gari iko free haina kitu inaishika. Breki inabeba mzigo yote, inachemka, inakataa. Unateremka na gia ile ungepandia. Umeskia?"

Nilisikia. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya darasa, na kwa mara ya kwanza maishani nilikukasirikia. Halafu niliona aibu kumkasirikia mtu aliye kaburini. Akili yangu ilikuwa imeelewa kwamba kosa halikuwa langu. Mkono haukuelewa. Nilipasi mtihani, nikaendesha Machakos mjini, nikaendesha hadi Athi River nikipita Lukenya, mahali palipo wazi na tambarare. Lakini kila nilipoona mteremko nilitafuta njia nyingine, au nilimpa mtu mwingine usukani na kusingizia kichwa kinaniuma.

Kisha mama mdogo akafanyiwa upasuaji, na Mama akataka kwenda kumuuguza mwezi mzima. Alikuwa na gunia la mahindi, debe la maharagwe, godoro lake na jogoo. Mjomba alisema atatafuta dereva. Mama akamwambia, "Dereva wa nini? Hii gari iko na mwenyewe, na mwenyewe ni huyu amekaa hapa." Akanionyesha kwa kidole. Sikulala vizuri wiki hiyo. Niliwaza kona ambazo sijawahi kuziona. Niliwaza Mama akiwa amekaa upande wa kushoto, upande ule uliogonga ukingo.

Tulipita Nairobi, tukapita Limuru. Baada ya hapo ikaanza baridi, na ukungu, na miti, kisha miti ikaisha ghafla upande mmoja na hapakuwa na kitu. Lile bonde lote lilikuwa chini yetu, mbali sana, na mlima wa Longonot umekaa katikati kama chungu kilichopasuka mdomo. Barabara ilijikunja ukingoni na malori yalikuwa yakishuka moja nyuma ya jingine. Halafu ile harufu ikaingia dirishani. Breki ya lori fulani. Harufu ileile, Baba, baada ya miaka yote.

Niliegesha pale wanapouza ngozi za kondoo. Nikamwambia Mama siwezi.

Hakushtuka. Alikuwa amempakata jogoo kwenye kikapu. "Huwezi nini?"

"Kushuka. Mama, siku ile ya maparachichi, hakukuwa na ng'ombe. Mimi ndiye niliweka free."

Alinitazama, akatazama bonde, akarudi kunitazama mimi. Kisha alicheka, Baba. Alicheka hadi muuza ngozi akasogea akidhani tunataka kununua.

"Ndinda," akasema, "wewe unajua nilimtafuta huyo ng'ombe siku ngapi? Baba yako alikuja nyumbani na kichwa imefungwa, akasema ng'ombe. Mimi nikasema, huyo mwenye ng'ombe atalipa! Kesho yake nikaenda Mutituni kwa miguu. Nyumba kwa nyumba. Mwenye ng'ombe ni nani? Hakuna. Wengine wakaniambia hapo kwa kona hakuna mtu huchunga. Halafu mama mmoja alikuwa analima hapo juu akaniambia, 'Hiyo gari yenu ilikuja kimya kama baiskeli.' Nikajua. Gari ya kimya kwa mteremko ni gari iko free. Nikarudi nikamuuliza, huyo ng'ombe alikuwa rangi gani? Akasema mwekundu. Siku ya tatu nikamuuliza tena. Akasema mweusi."

"Na hukumwambia unajua?"

"Ningemwambia nini? Mtu alikuwa haamki usiku bila kuja kuangalia kama unapumua."

Nilimwambia kuhusu mfuko wa makaratasi. Nilimwambia jinsi ulivyonihamishia dirishani na kuninyang'anya gia. Nilisema kwa sauti niliyoshindwa kuizuia, na yule muuza ngozi akaondoka kwa heshima. Mama alinisikiliza huku akimsawazisha jogoo manyoya.

"Hakuogopa mkono wako," akasema mwishowe. "Aliogopa mdomo wake. Aliogopa siku moja atajisahau, akuambie tena uweke free. Ulimuona tena akishuka kimya?"

Nikafikiri. Sikuwa nimekuona. Tangu siku ile pikapu iliteremka Mutituni ikilia, ikinguruma njia nzima, nawe umeuma meno, na mimi pale dirishani nilidhani ni hasira.

Sitakuambia kwamba hofu iliisha, maana haikuisha. Niliwasha gari. Niliweka gia ya pili na tukaanza kushuka, na injini ikalia kama inayoumwa. Nyuma yetu lori lilipiga honi. Likapiga tena. Mama akatoa mkono wote dirishani akaupunga kwa hasira: "Pita! Si upite, wewe mwenye haraka! Hilo bonde halihami!" Jogoo akalalamika kwa sababu Mama alikuwa amemkaba kwa mkono wa pili, na hapo ndipo nilipojua kwamba yeye pia anaogopa, na kwamba angekufa kabla hajaniambia.

Nyani walikuwa wameketi ukingoni wakitutazama. Nilihesabu kona hadi tisa, nikapoteza hesabu. Kuna mahali mteremko unalegea kidogo, barabara inanyooka, na mtu anahisi gari linataka kukimbia. Hapo mkono wangu wa kushoto uliondoka kwenye usukani bila kuniuliza, ukashika gia. Ulijua njia. Ulitaka ule ulegevu, ule ukimya, ndege na watu wa mashambani. Nikauona ukiwa umekaa pale, mkono wa mtu mzima wenye saa, na nikauona mwingine mdogo ndani yake. Nikaurudisha kwenye usukani. Gia ya pili ilibaki pale ilipokuwa mpaka chini kabisa, ambapo joto lilitupokea na Mama akamwachia jogoo shingo.

"Hapa baba yako angeweka free," akasema, akionyesha kipande cha mwisho, kirefu, kilichonyooka. Tukacheka wote wawili.

Jana jioni watu walikuja kumwona mgonjwa. Kaka yake mume wa mama mdogo, ambaye hupenda kuonyesha kwamba alikujua sana, alianza kuwasimulia wageni jinsi ulivyokuwa dereva hodari, ajali moja tu katika maisha yako yote, na hiyo yenyewe ilisababishwa na mnyama. Akamgeukia Mama. "Si alikuwa ng'ombe?"

Mama aliweka kikombe chini polepole. Hakunitazama.

"Ng'ombe," akasema. "Mwekundu."

Wakanigeukia mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa garini. Nilikuwa nimebeba jambo hili miaka mingi kuliko unavyodhani, Baba, na hapa palikuwa na watu wa kulisikia. Nilikuona ukinishika mabega, damu ikikutiririka, umeogopa kuliko mtoto.

"Na pembe moja ilikuwa imevunjika," nikasema.

Kesho nikipanda mlima nitaogopa tena. Nitapanda nikiogopa. Mfuko wako wa makaratasi niliukuta nyuma ya kiti, bado una risiti za sokoni, nami nimeuhamishia dirishani. Lala salama, Baba. Ng'ombe wako tutamtunza.

Ni mimi binti yako,
Mwaitu wako wa kiti cha mbele